Jina la Mke Wangu Ndilo Neno la Siri

Mshauri wangu mpendwa,

Sijui nikupe shikamoo au niipokee, maana picha yako gazetini ni ndogo kama stempu na macho yangu yameshachoka, kwa hiyo chukua inayokufaa na nyingine unirudishie, ila naomba msaada, na ninauomba kwa mwandiko wa mkono kwa sababu jambo lenyewe linahusu intaneti na kwa sasa siiamini hata kidogo.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, nilikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na mmoja, nimepandisha na kuteremsha mabosi wa kila namna, na sasa naishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, ngazi sitini na nne, unaweza kucheka, mke wangu alicheka mpaka siku ya mwisho. Yeye alifariki mwaka juzi. Alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati na alikuwa na maneno, Mshauri, mwanamke yule alikuwa na maneno, alijua habari za kila mlango wa jengo hili kabla hata wenye mlango hawajazijua, ndiyo maana watu wakampachika jina la utani, ———— (jina, na mwaka alioandika kando yake, vimezibwa na Mshauri wa gazeti), nalo likamkaa hata mimi nikawa namwita hivyo. Ndiye aliyeleta waifai nyumbani ili amwone mjukuu wetu kwenye simu, maana binti yetu anafanya kazi nchi ya mbali, na siku wanaifunga, fundi alipomuuliza neno la siri liwe nini, akajibu, "Weka hilohilo jina langu na mwaka tuliooana, nisije nikasahau."

Tangu enzi zake mlango wetu haukufungwa mchana. Mtu akiishiwa bando alipanda kwetu, akaketi, akapewa neno la siri pamoja na habari za jengo zima, na alipotoka alikuwa ameshiba. Alipofariki nilidhani watu wataacha kuja, hawakuacha, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza, sikufichi: mtu akibisha hodi na kuniuliza, "Babu, neno la siri lilikuwa nani vile?" mimi simwambii, namwambia ataje mwenyewe, naye hutaja jina la mke wangu, nami nasema sijasikia vizuri, masikio haya, hebu taja tena, naye hutaja tena, na siku hiyo kwangu inakuwa siku njema. Kuna mtu aliliandika kwa kalamu nene ukutani, kule chini kando ya mita za umeme, jina na mwaka, kila anayepita alione, na badala ya kukasirika nilikuwa nikirudi sokoni nasimama pale, naweka mfuko chini, nalisoma.

Hakuna mwingine anayemtaja. Binti yangu hupiga simu Jumapili tukazungumza hali ya hewa ya huko na presha yangu ya huku, jina la mama yake tunalikwepa wote wawili kama watu wanaozunguka shimo barabarani, marafiki zake wa zahanati walipita miezi ya mwanzo wakaacha, na hao wanaokuja sebuleni kwangu, nikuambie ukweli, hawaongei nami, wanakaa wameinamia simu zao, lakini wanakohoa, wanavuta kamasi, wanasogeza viti, na nyumba yenye mtu anayekohoa ndani yake si sawa na nyumba tupu. Wewe unaweza kuona ni upuuzi. Mimi nimeishi miaka miwili kwa kukohoa kwa watu.

Sasa nije kwenye kosa. Miongoni mwao yumo fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mama wa makamo, hushona magauni ya harusi, na picha zote za kazi yake, pamoja na za wateja wakijaribu nguo ambazo hazijaisha, wengine mgongo uko wazi na pini zimejaa, alikuwa akizihifadhi kwenye akaunti yake ya barua pepe. Tarehe kumi na mbili mwezi uliopita, saa kumi jioni, alikuwa amekaa kiti cha dirishani anajaribu kufungua akaunti hiyo, akaniita, "Baba, hebu njoo uone, simu inanionya kwa maandishi mekundu, inasema ukurasa huu si wa kuaminika." Nilikuwa jikoni nachemsha maji. Sikutoka hata. Nikamjibu kwa sauti, "Bonyeza endelea, mwanangu, hapa kwangu kuna ubaya gani?" Akabonyeza.

Siku tatu baadaye akaunti haikuwa yake tena, aliyeichukua alikuwa amebadilisha kila kitu, na zile picha zikaanza kuzunguka kwenye simu za watu, bibi harusi mmoja akaja na mama yake wakamtukana fundi mlangoni jengo zima likisikia, na wateja wengine wakaanza kupita kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo havijaguswa na mkasi. Swali likawa moja, nani aliishika simu yako? Naye kwa bahati mbaya wiki hiyohiyo alikuwa amempa simu fundi simu mwenye kibanda hapo chini, yule tunayemwita Bisibisi kwa sababu bisibisi haimtoki sikioni, abadilishe kioo, ikalala kwake siku mbili. Basi kesi ikaisha hapohapo kwenye ngazi, bila shahidi wala hakimu, kwamba ni Bisibisi, na toka siku hiyo hakuna anayempelekea hata chaja.

Wiki moja baadaye waifai ikaanza kujikokota, nikapigia kampuni, wakamleta fundi wao, akaunganisha kompyuta yake na kile kisanduku cha waifai, akatazama, kisha akauliza, "Mzee, nani huwa anaingia humu?" Nikamjibu kila mtu. "Hapana," akasema, "si kwenye waifai. Nasema humu ndani, kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Kuna mtu ameingia akageuza njia. Mtu akiwa hapa kwako akitafuta barua pepe yake, anapelekwa kwenye ukurasa wa bandia, anaandika neno lake la siri, linamfikia mwizi." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu tarehe kumi. Akanieleza kwamba kwa jinsi neno la waifai lilivyo ukutani, hata mtu aliyekaa ng'ambo ya barabara angeweza kuingia, na akishaingia, neno la kufungulia kisanduku chenyewe lilikuwa bado lile la kiwandani, limebandikwa kwa chini, na ni hilohilo moja kwa maelfu ya visanduku vya aina hiyo. Akairudisha njia mahali pake, akaweka vidole tayari kwenye kompyuta, akaniuliza, "Neno jipya liwe nini?"

Mshauri, nilishindwa. Nikamwambia aniachie maelekezo kwenye karatasi nitabadilisha mwenyewe, akaniangalia, akaandika pamoja na alichokikuta na tarehe yake, akapiga muhuri, akaondoka. Ni wiki tatu sasa. Sijabadilisha na sijamwambia mtu.

Na Alhamisi iliyopita Bisibisi alipanda kwangu, yeye ambaye hana haja na waifai ya mtu, akakataa kuketi, akasema, "Mzee, mimi nakuheshimu. Watu hawaniitikii salamu. Wanangu wanaulizwa maswali shuleni. Na wewe unaamini ni mimi?" Nami nikijua ninachokijua, karatasi ya fundi iko kwenye mfuko wa shati langu, nikamjibu, "Mungu ndiye anayejua." Akatikisa kichwa, akashuka. Nasikia mwisho wa mwezi anafunga kibanda na kuhama.

Nikisema, fundi cherehani atajua ni mimi niliyemwambia abonyeze, na hakuna atakayepanda tena ngazi zile. Nikibadilisha neno la siri, hata wakipanda watataja neno jingine, na mke wangu atakuwa amekufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anabeba mzigo wangu na watoto wake. Naogopa upweke kuliko ninavyoogopa aibu, ndiyo sababu nimenyamaza mpaka leo, na nimechoka. Niambie nifanye nini, na unikaripie ukitaka, mradi usikae kimya na wewe.

Ni mimi,
Fundi Lifti mstaafu, ghorofa ya nne

JIBU

Baba, shikamoo. Mimi ndiye mdogo, na picha ile ni ya zamani, tusiizungumze.

Wasomaji wataona barua yako ina mahali palipozibwa. Ni kwa sababu wewe, ambaye yote yamekupata kwa neno la siri lililoandikwa ukutani, ulichukua kalamu ukaliandika tena kwenye barua ya gazeti, jina na mwaka, na mstari chini yake nisije nikakosea. Nilicheka peke yangu hapa ofisini. Kisha nikarudia kusoma sehemu ya watu wanaokohoa, na sikucheka tena.

Ulifanya jambo moja la busara, uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha. Jumanne asubuhi nilikupigia, nikakuambia barua haichapwi mpaka ruta yako ifungwe, na kwamba ikichapwa majirani watakutambua hata bila jina, nawe ukasema sawa. Halafu nikakuuliza swali lilelile la fundi. Ukasema, "Subiri nichukue miwani." Tukabadilisha pamoja, la waifai na la kisanduku chenyewe, wewe ukinisomea ile karatasi hatua kwa hatua, na tulipomaliza ikabidi nikukataze kwa ukali usinitajie maneno mapya, maana ulikuwa umeshafungua mdomo.

Kwa hiyo sasa lile jina halifungui kitu chochote. Limebaki jina la mtu, nami naliandika hapa. Mke wako aliitwa Chiriku. Alikuwa karani wa mapokezi, alikuwa na maneno, na alizicheka ngazi za jengo lenu mpaka siku ya mwisho. Leo amesomwa na watu wengi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anatafuta intaneti ya bure.

Sasa karipio, maana uliliomba. Wale waliokuwa wakija mlangoni kwako hawakuwa wakimtaja mkeo, baba. Walikuwa wanataja neno la kuingilia, na lingekuwa "ndoo" wangetaja ndoo. Nusu yao hawakumjua. Wewe uliyemjua ndiye unayemkwepa, wewe na binti yako, mnazungumza mvua za ugenini huku kila mmoja analia kimoyomoyo upande wake wa simu. Jumapili akipiga, kabla hajaifikia presha yako, mwambie kitu kimoja tu ambacho mama yake alikifanya. Kimoja. Mtalia, najua, na baada ya hapo atakuambia chake. Na wale wa zahanati uwapigie wewe. Watu huacha kuja kwa mfiwa kwa sababu hawajui waseme nini, si kwa sababu wamesahau.

Kuhusu kisanduku, nakushangaa. Miaka thelathini na mmoja kwenye lifti! Ungekubali watu wapande lifti ambayo breki yake haijaguswa tangu itoke kiwandani, eti kwa sababu unafurahi kuwaona? Kengele ya hatari ikilia lifti husimama, hata bosi akiwa ndani. Yale maandishi mekundu kwenye simu ya fundi cherehani yalikuwa kengele. Simu ilikuwa inamwambia kwamba ukurasa ule hauwezi kuthibitisha kuwa ndio wenyewe, na wewe ukapiga kelele kutoka jikoni apite. Nawaambia na wengine mnaosoma hapa: onyo likitokea, acha, toka kwenye waifai hiyo, tumia bando lako, hata kama mwenye waifai ni mama yako mzazi. Wema wa mwenye nyumba haumzuii mwizi kukaa kwenye mtandao wake.

Tulichofanya kwenye simu hakitoshi. Kwenye ruta yako kuna sehemu ya kufungua mtandao wa wageni, uliotengwa na wako. Wape wageni huo, wenye neno lake, na lile la kwako ubaki nalo wewe na binti yako. Maneno yote mawili yawe marefu, maneno manne matano yasiyojuana, bila jina la mtu, bila mwaka wa harusi, bila jina la mjukuu, maana nimekuhisi. Ukifungua mipangilio, angalia aina ya ulinzi: ikisema WPA2 au WPA3 uko sawa, ikisema WEP au ikisema wazi, ni sawa na kuegesha mlango kwa kiti. Kile kitufe cha kuunganisha simu bila neno la siri, kizime. Waulize kampuni kama ruta hiyo bado inapokea masasisho, na wakisema imezeeka, waidai nyingine bila aibu. Halafu mara moja moja ifungue uangalie orodha ya simu zilizomo, na ukikuta usiyoijua, itoe.

Kuna na ule ukuta. Chukua kitambaa na spiriti ufute mwenyewe. Itauma. Futa hivyohivyo, kisha panda juu utundike picha yake sebuleni, pale kila anayeingia lazima aione, na akiuliza ni nani, jiandae kuchelewesha watu.

Kila aliyetumia waifai yako tangu tarehe kumi ya mwezi ule mpaka Jumanne tulipoifunga, abadilishe maneno yake yote ya siri, ya barua pepe kwanza, na aweke ile hatua ya pili ya kuthibitisha kwa namba inayoletwa kwenye simu yake. Wa kuwaambia ni wewe, mlango kwa mlango, kwa miguu yako. Fundi cherehani mpelekee nakala ya ile karatasi yenye muhuri. Itamsaidia anapodai akaunti yake, anapotoa taarifa polisi juu ya zile picha, na anapowatazama wateja wake machoni. Atakukasirikia, na ana haki. Usijitetee kwamba ulikuwa unachemsha maji.

Baadhi yao hawatapanda tena, sitakudanganya. Utakuwa na mchana mrefu kuliko ule unaoujua sasa, na nakuonea huruma kwa dhati, mimi mwenyewe naijua sebule yenye saa ya ukutani peke yake. Lakini waliokuwa wanakuja kwa sababu hawakujua ukweli hawakuwa wako, na atakayepanda baada ya kuujua, huyo hata asipoongea, mchemshie chai.

Nimeacha la Bisibisi mwisho kwa kuwa ndilo lililonikera. "Mungu ndiye anayejua." Baba, na wewe ulijua. Yule bwana alipita milango yote akaja kwako, mtu mzima wa jengo, akakuuliza swali lenye jibu la neno moja, na jibu ulikuwa nalo mfukoni. Uliogopa upweke, kwa hiyo ukampa yeye. Sasa ndiye anayepita ngazini bila kuitikiwa salamu, na mkewe na watoto pamoja naye, na bado siku chache ahame akiwa na jina la mwizi ambalo atafika nalo huko aendako.

Gazeti hili linatoka leo Jumamosi, na gazeti moja husomwa na watu kumi. Usikubali alione hili kabla hajakuona wewe. Liweke mezani sasa hivi, vaa viatu, ushuke. Usimtume mtu, usiandike ujumbe. Simama kibandani kwake mbele ya yeyote utakayemkuta, umwambie, "Haikuwa wewe. Ilikuwa kwangu, nilijua, na nilinyamaza." Habari za upweke wako usimweleze, hizo umeshaniambia mimi. Ukishasema hayo usiondoke. Mpe nafasi aseme lolote atakalotaka kusema, kwa muda wowote atakaotaka, nawe umsikilize.